Ndege ya Orindi Juu ya Mamboleo

Jumamosi, 6 Machi 1971

Ndege yangu itaruka kabla ya mvua hizi kwisha, na mama mkwe ataiona kwa macho yake mwenyewe. Nimeandika ili nisije nikajigeuka.

Mama mkwe amefika juzi kutoka Bungoma kumtunza mke wa mwanawe, shemeji yangu Wasike, aliyejifungua. Wasike anakaa ng'ambo ya uwanja wa nyasi hapa Mamboleo, na mlango wake unatazamana na wetu. Kwa hiyo tangu juzi mimi hutokea mlango wa nyuma kama mwizi, maana kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, wala hawaketi chini ya paa moja. Hata jina lake siliandiki hapa. Karatasi nayo ina heshima zake.

Nakhungu, mke wangu, alivuka leo kumsalimu akarudi ameubana mdomo. Nilijua kuna neno.

"Ameniuliza bwana yangu hufanya nini Jumapili baada ya kanisa," akasema. "Nikamwambia Baba Elsie anatengeneza ndege, itaruka juu na yeye atakuwa chini akiiongoza na redio."

"Akasema nini?"

"Si utakasirika."

"Sikasiriki."

"Akasema, kumbe niliozesha binti yangu kwa mtoto wa kurusha kishada."

Nilikasirika. Mimi Walubengo, ambaye nusu ya redio za Kisumu zimepita mikononi mwangu pale dukani kwa Laxmidas! Hata chai sikumaliza. Kishada!

Jumatano, 10 Machi

Jioni kwa Gurmit, seremala wa mabodi ya mabasi na mwenzangu katika wazimu huu. Yeye ana injini, ndogo kama ngumi ya mtoto, aliyoachiwa na Mzungu mmoja aliyehamia kwao. Inakunywa mafuta ya taa, etha na mafuta ya nyonyo, na ikinguruma mbwa wote wa mtaa wanajibu. Mimi nina redio niliyoiunga mwenyewe, kipokezi cha kuwekwa tumboni mwa ndege na sanduku la kushika mkononi.

Tumepima mabawa aliyochonga kwa mbao ya saipresi. Gurmit akayaangusha mezani.

"Hii si ndege, bwana. Hii kabati," akasema.

Vitabu vinataka mbao fulani nyepesi inayotoka Amerika. Hapa haipatikani, na hata ingepatikana isingekuwa ya watu kama sisi.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua. Nimetokea mlango wa nyuma.

Jumapili, 14 Machi

Leo nimefurahi hata Nakhungu ameniuliza kama nimekunywa.

Tulikwenda Dunga, ufuoni mwa ziwa, kununua ngege, samaki wa hapa. Nakhungu akawa anapatana bei na Awuor, mama anayemuuzia samaki kila mara, nami nikasimama kando nikiwa sina kazi. Pale chini kulikuwa na wavu umeanikwa, na kwenye kamba yake ya juu vimefungwa vipande vya mti mweupe vya kuuzuia usizame. Nikaokota kimoja kilichokatika. Nusura nikirushe juu ya kichwa changu, maana mkono ulijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo.

"Mama, huu mti ni gani?"

"Orindi. Inamea hapo ndani ya maji." Awuor akanitazama juu mpaka chini. "Ni ya wavu, bwana. Wewe unavua?"

"Ninatengeneza ndege."

"Nyasaye! Unataka kufundisha ngege yangu kuruka?"

Wanawake wote wa pwani ile wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu kifuani nilikuwa najua jambo ambalo wao hawajui. Awuor akaongea na vijana wa mtumbwi, wakanikatia mashina manene mengi kuliko nilivyoweza kubeba. Alikataa nimlipe. Alisema malipo yake ni kuona hayo maajabu, na yasipotokea atanitangaza mpaka Asembo Bay. Tumerudi nyumbani mke wangu akiwa na samaki, mimi nikiwa na kuni zisizo na uzito, na majirani wakituangalia.

Jumamosi, 27 Machi

Orindi imekauka juu ya dari. Inakatika kwa wembe! Gurmit ameshika ubavu wa bawa kati ya vidole viwili, akaupulizia, ukaenda. Akanipiga mgongoni nikakohoa.

"Wewe na wavu yako," akasema. "Mimi miaka yote nachonga mbao, hii mti iko hapo kwa maji, sijui."

Tumefunika mabawa kwa karatasi laini kutoka Nairobi. Imetosha mara moja tu, haikubaki hata ya kuzibia tundu.

Jumanne, 30 Machi

Mvua. Ujumbe kutoka ng'ambo: mama mkwe anauliza kishada kimefikia wapi.

Jumamosi, 3 Aprili

Siku mbaya. Mkono bado unanuka vanishi.

Asubuhi kulikuwa kukavu na jua zuri, nikatoa mabawa nje nipake vanishi ili karatasi ikaze. Nikamaliza bawa la kushoto, likang'aa, nikaliegesha kwenye kamba ya nguo nikarudi kuchovya brashi. Nilipoinua macho, kule upande wa ziwa kulikuwa na moshi mweusi umesimama wima. Mtu yeyote aliyekaa Kisumu anaujua moshi ule. Si moshi. Ni sami, wadudu wa ziwa, wanatoka majini kwa mamilioni na upepo unawaleta mjini. Nilikimbia, lakini walishafika. Nguo zote za Nakhungu ziligeuka nyeusi, na kila sami aliyegusa bawa langu alibaki hapohapo.

Bawa la kulia nimelipaka ndani ya nyumba, nimefunga madirisha, na Elsie wetu akilia kwa harufu. Limetoka safi kama kioo. La kushoto linatisha.

Nakhungu akasema, "Si ubandue hiyo karatasi uanze upya?"

"Karatasi imeisha. Na Pasaka ni wiki ijayo."

"Mama haondoki wiki ijayo."

Nikamwambia mimi ndiye fundi. Nikawapaka wale wadudu vanishi nyingine juu, nyingi, mpaka bawa likawa laini tena. Gurmit alipoliona alilipapasa, kisha akapapasa ndevu zake ndefu.

"Sasa ndege iko na ndevu," akasema. "Basi, hii ya kwangu."

Jumatatu, 12 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Ningependa kuiruka siku hii, lakini nilijiahidi kuandika.

Watu walikuwa wengi uwanjani, na nguo za Pasaka bado mwilini. Awuor alikuja kutoka Dunga na wenzake wawili, wamebeba mwavuli mmoja. Nikawaeleza kwa sauti kubwa, ili hata ng'ambo wasikie: sanduku hili lina kitufe kimoja. Ukikibonyeza mara moja ukashikilia, usukani wa mkia unakwenda kulia. Ukibonyeza mara mbili ukashikilia, unakwenda kushoto. Ukiachia, unanyooka. Injini ikimaliza mafuta, ndege inateleza yenyewe mpaka chini. Mtu mmoja akauliza rubani ameketi wapi. Nikajipiga kifua.

Gurmit akaiwasha, akakimbia nayo dhidi ya upepo, akairusha kwa mkono. Ikapanda. Jamani, ilipanda! Kitu tulichokitengeneza kwa mti wa wavu kilisimama hewani juu ya Mamboleo, na umati wote ukasema "aaa" kwa sauti moja. Nitazeeka nayo ile "aaa".

Kisha ikaanza kuinama kushoto. Nikabonyeza kulia, ikanyooka. Nikaachia, ikainama tena kushoto. Kulia, ikanyooka. Nikiachia, kushoto. Ikawa inazunguka, na kila mzunguko unaisogeza karibu na nyumba ya Wasike. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Mara injini ikakohoa, ikazima, na ndege yangu ikateremka kimya ikapotea nyuma ya ua wa shemeji.

Hapo miguu haikuniuliza. Ingekuwa mtoto wangu ameanguka mtoni nisingekimbia zaidi. Nilikata uwanja, nikapenya pengo la ua, nikatokea uani nikiwa na sanduku mkononi. Ndege ilikuwa imelala salama kwenye kamba ya nepi. Chini ya kamba, kwenye kigoda, alikuwa mama mkwe anamwogesha mjukuu.

Tulitazamana.

Nimemwoa Nakhungu miaka minane, sijawahi kuuona uso ule. Sasa najua kwamba Nakhungu ana macho ya mama yake, na ni jambo ambalo sikustahili kulijua. Yeye alivuta leso akajifunika. Mimi sikuwa na leso, nikajifunika uso kwa sanduku la redio, na antena yake ndefu ikamwelekea karibu imguse pua. Nikarudi kinyumenyume bila kuona, nikaangukia karai la maji ya kuku. Nilitoka ua ule nimelowa, bila ndege, na uwanja mzima ulikuwa kimya. Wajaluo walinyamaza kwa sababu Wabukusu walinyamaza.

Jumanne, 13 Aprili

Wasike amekuja. Hakuketi.

"Shemeji, umetuaibisha. Mama hajakula tangu jana. Amesema kesho anapanda basi arudi nyumbani, hawezi kukaa mahali mkwe anamvamia kama ng'ombe."

"Sikumwona," nikasema.

"Si ulimwona."

"Nilimwona."

Akatazama sakafu. "Mtoto wangu ana wiki tano. Mama akienda, nani atamsaidia mke wangu? Kwa sababu ya kishada chako."

Hasira ilikuwepo, lakini mara hii ilikuwa ya kwangu juu yangu. Nilitaka anione fundi, akaniona nimejifunika uso kwa betri na waya. Akiondoka kesho, hiyo ndiyo picha atakayokufa nayo.

Jumatano, 14 Aprili

Mkwe akivunja heshima, hatumi maneno, hutuma kitu. Nimenunua blanketi zito, la bluu, ambalo mfano wake hata mimi sijawahi kujifunika. Nakhungu amevuka nalo amelibeba kichwani. Nimengoja nyuma ya nyumba nikisikiliza kila gari la barabarani kama ndilo basi.

Amerudi jioni. Mama amelipokea. Amelala nalo mchana huohuo, akasema lina joto. Hapandi basi.

"Na ndege?"

"Ndege amesema haijaiva. Ameiweka kwenye chumba chake."

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua. Ndege iko kwake.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua. Ndege bado iko kwake. Gurmit ananiuliza kama mama mkwe wangu ameanza kampuni ya ndege.

Jumamosi, 24 Aprili

Ndege imerudi! Nakhungu ameileta imefungwa kwenye ile leso, haina hata mkwaruzo. Na ameleta ujumbe, akausema akiwa amesimama wima kama anasoma somo kanisani.

"Mama anasema: mtu akibeba mitungi miwili, mmoja una maji na mmoja mtupu, ataelekea wapi? Anasema bawa la kulia halina kitu. La kushoto umelipakia kitoweo."

Damu ilipanda. Mwanamke ambaye hajawahi kugusa hata swichi ya taa anifundishe ndege! Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nikaichukua ndege nimwonyeshe Nakhungu ujinga wa maneno hayo, nikaibeba kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya pua na kimoja chini ya mkia, nikaiachia ijisimamie.

Ikalala kushoto. Nikajaribu tena. Kushoto.

Sami! Mdudu mmoja hana uzito, lakini lile lilikuwa kundi zima, na juu yake vanishi yangu ya ukaidi. Nikapitisha kidole juu ya bawa lile. Kisha kicheko kikanishika mpaka nikaegemea ukuta. Siku kumi ndege imekaa chumbani kwake, na mama yule hakuwa ameificha. Alikuwa anaisoma.

Nimemwambia Nakhungu, "Mwambie mama asante." Ni mara ya kwanza namtumia neno jema kutoka moyoni, si la adabu tu.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimebandua karatasi ya mabawa yote mawili. Urmila, mke wa Laxmidas, amesikia habari dukani akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaingia ndani akatoka na kipande cha sari yake ya zamani, hariri ya kijani yenye ukingo wa dhahabu.

"Hii nyepesi kuliko karatasi," akasema. "Lakini usipeleke nje iliwe na sami!"

Sikupeleka nje. Tumepaka vanishi ndani, mlango umefungwa, mimi na Gurmit tukitoka kupumua kwa zamu.

Jumamosi, 8 Mei

Alfajiri tumeijaribu kule bondeni, mbali na macho ya watu. Imekwenda sawa kama mstari wa rula. Kulia, kushoto, kulia. Nimeizungusha mpaka mafuta yakaisha na imetua miguuni pa Gurmit. Seremala mzima alipiga magoti kwenye nyasi zenye maji, akaibusu.

Lakini mama mkwe hakuiona, na bila hilo kazi haijaisha.

Jumapili, 9 Mei

Mvua.

Jumamosi, 15 Mei

Mvua wiki nzima. Nimepanda juu ya paa kutazama mawingu. Nakhungu ameniambia mawingu hayaongozwi na redio.

Jumatano, 19 Mei

Mvua. Wasike amesema mama ameshakatiwa tiketi. Anaondoka Jumapili, maharagwe yake yanamngoja shambani.

Ijumaa, 21 Mei

Mvua kutwa. Nimefuta injini, nimechaji betri, nimefuta injini tena. Imebaki kesho.

Jumamosi, 22 Mei

Asubuhi ilinyesha. Saa sita ikanyesha. Nilikaa mlangoni na sanduku mapajani, Gurmit kando yangu na chupa ya mafuta. Baada ya saa tisa mvua ikakatika ghafla, jua likatoka na nyasi zikaanza kufuka mvuke. Nilimwambia Nakhungu avuke, akasimame na mama yake, asimwambie neno.

Sikuita umati. Walikuja wenyewe. Awuor naye akatokea na beseni la samaki kichwani, akasema nisipomrudishia orindi yake leo nitailipa.

Safari hii nilisimama upande wangu wa uwanja, nikageuza mwili nitazame barabara ya Kakamega, si nyumba ya Wasike. Gurmit akairusha. Ikapanda na yale mabawa ya kijani, dhahabu ya Urmila ikimeta, na mngurumo ukajaa uwanja wote. Nikaizungusha mara mbili juu ya watu mpaka kidole kikatulia.

Ndipo nikasikia Nakhungu akiita kutoka ng'ambo kwa sauti ya kuimba, "Tumetoka nje ee!"

Sikugeuza uso chini. Niliielekeza ndege kule, nikiifuata kwa macho yaliyo juu, juu tu. Ilipofika usawa wa paa la Wasike nikabonyeza kulia, nikaachia, mara mbili, kushoto, nikaachia, kulia tena. Mabawa yakainama upande huu na upande ule, taratibu, kama mtu anayesalimu kwa adabu. Siwezi kumpa mama mkwe mkono. Nilimpa huo. Mimi na yeye tulikuwa tunatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna mila iliyovunjika.

Kisha kutoka ng'ambo kikaja kigelegele kimoja chembamba, kirefu, cha mtu mzima. Nakhungu hakipigi hivyo. Najua sauti ya mke wangu. Wanawake wa Dunga wakakidaka, na uwanja mzima ukalipuka. Nililia mbele ya watu na wala sikujifuta.

Mafuta yakaisha. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, na ndege ikateleza polepole ikavuka ua wa Wasike, ikapotea palepale ilipopotea Pasaka. Watu wote wakanigeukia mimi. Gurmit akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Wapi! Simama, bwana!"

Nilisimama. Nikaupa ua ule mgongo, nikakunja mikono, nikamtazama Gurmit usoni, naye akawa anatazama nyuma yangu na kunieleza. "Sasa anatoka. Mama mwenyewe. Amebeba kama mtoto. Anakuja… amefika katikati. Anaweka chini. Ametoa kitu kwa mfuko. Sasa anarudi. Ngoja… ngoja. Amefunga mlango. Nenda."

Nikaenda katikati ya uwanja. Ilikuwa imewekwa juu ya leso iliyokunjwa, pua yake ikielekea nyumbani kwangu. Juu ya kibanda kidogo cha rubani, ambacho Gurmit alikichonga kwa mapambo tu, palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Ndani yake karanga za kukaanga, bado za moto.

Nakhungu alinikuta nimechuchumaa palepale natafuna.

"Mama ametuma neno," akasema. "Amesema, mwambie rubani wangu asisafiri na njaa."